Filimbi ya Ilundo

Sehemu ya Sita

Tulia, msomaji. Najua wiki nzima umenilaani, na wawili kati yenu mmediriki hata kuniandikia barua. Tulimwacha Mwalimu Jailos amejibanza nyuma ya migomba yake mwenyewe, jasho linamtiririka, akichungulia uani kwake. Muharami alikuwa amesimama na kisu mkononi. Sekela, mke wa Jailos wa ndoa ya kanisani, alikuwa amepiga magoti mbele yake.

Jailos alishindwa kuvumilia. Akatoka mbio, akavunja mgomba mmoja mchanga, akatua katikati ya ua.

"Kuna nini hapa?"

"Kuna kitoweo, Baba Tusekile," Sekela akajibu bila kuinua kichwa. "Njoo ushike miguu, mabawa peke yake yananishinda."

Chini ya magoti yake alikuwa jogoo. Muharami ni Mwislamu, Sekela ni binti wa mzee wa kanisa, na kwa watu wa Mbeya jambo hilo halina ugomvi. Akiwepo Mwislamu nyumbani huchinja yeye, kisha wote wanakula sahani moja. Muharami akasoma bismillahi yake, kisu kikapita, na habari ikaishia hapo.

Iliishia hapo kwa wengine. Jogoo yule alikuwa wa Jailos. Alimweka tangu Krismasi, amle siku atakayotangazwa kocha mkuu wa Chuo cha Ualimu cha Ilundo. Sasa amechinjwa ili ashibe mtu anayekitaka cheo hichohicho.

Kwa wewe uliyeazima gazeti leo kwa mara ya kwanza, nitasema haraka. Miaka minne Jailos amewafundisha vijana wa Ilundo mpira bila cheo wala asante. Miaka mitatu kati ya hiyo chuo cha Iringa kimewafunga. Halmashauri ya michezo ikachoka, ikaamua kuweka kocha mkuu, avae filimbi ya chuo na kuwapeleka vijana Iringa wiki mbili zijazo. Jailos akaomba. Akaomba pia Muharami, kijana wa Iringa mwenye asili ya pwani, aliyewahi kuchezea timu kubwa ya Tanga. Na kwa kuwa chuo hakina nyumba ya wageni, halmashauri ilimpangia Muharami alale wapi? Kwa Jailos.

Jioni ile ya Jumatano wakala wali wa Kyela na jogoo.

"Shemeji," Muharami alisema akinawa, "nikikaa hapa mwezi mmoja nitashindwa kupita mlangoni."

Sekela akacheka. Tangu Jumapili alikuwa amecheka mara sita, na zote kwa maneno ya mgeni. Jailos alijaribu kukumbuka ni lini yeye alimchekesha mke wake, akapata Pasaka ya mwaka jana, alipoteleza kwenye tope na suti.

"Kaka Jailos," mgeni akamgeukia. "Yule kijana Anyitike, kwa nini unamweka upande wa kulia?"

"Kwa sababu anapiga kwa mguu wa kulia."

"Anapiga kulia ukiwa unamtazama. Jana alifikiri yuko peke yake, akakuta gunzi njiani. Alilipiga kwa kushoto, likapita juu ya paa la jiko la chuo. Nani alimkataza?"

Jailos akalirudisha tonge sahanini, maana aliyemkataza ni yeye. Darasani kwake mkono wa kushoto hauandiki, hautoi kitabu na haupokei chaki. Anayesahau hupigwa rula kwenye vifundo. Ndivyo alivyolelewa, na baba yake vilevile. Anyitike alipofika chuoni, siku ya kwanza akapiga mpira kwa kushoto, Jailos akapuliza filimbi na kumwambia, "Kijana, hapa tuna adabu." Tangu hapo ni miaka miwili kijana anakimbia upande usio wake, na mtu wa kwanza kuliona hilo ana siku nne tu pale Ilundo.

Mgeni alikuwa amesema kweli. Jailos alimchukia kwa hilo kuliko kwa jogoo.

"Kushoto ni utovu wa adabu," alisema.

"Kwa kula, hata mama yangu angenichapa. Lakini golikipa wa Iringa hatuendi kumpa mkono, kaka."

Sekela akacheka mara ya saba.

*

Alhamisi halmashauri ilikaa kwenye chumba cha walimu, na waombaji wote wawili wakaitwa. Mwenyekiti, Mchungaji Yotamu, alitoa karatasi mfukoni akaikunjua taratibu.

Karatasi hiyo, msomaji, iliandikwa na Jailos. Mwezi mmoja kabla, alipokuwa anajua hakuna mwombaji mwingine, halmashauri ilimwomba aandike chuo kitafute mtu wa namna gani. Alijipima yeye mwenyewe, mabega na kiuno, akashona kanzu isiyoweza kumkaa mtu mwingine. Au alifikiri hivyo.

"Ajue kila mchezaji kwa jina lake, baba yake na kijiji chake," Mchungaji akasoma.

Jailos akatabasamu.

"Asimpange mtu kwa kuwa wametoka mlima mmoja. Aliyeshindwa hesabu Ijumaa, Jumamosi asivae jezi. Mwenye maumivu asichezeshwe hata ikiwa ni mechi ya kombe, na kocha atangaze maumivu hayo mbele ya wote. Awapende vijana kuliko jina lake."

Hiyo ya mwisho Jailos aliiongeza ili karatasi ijae.

"Hayo ni mahubiri," alisema Bwana Timotheo, mtunza ghala, mtu anayelala na funguo za jezi. "Mimi nataka mtu aliyecheza. Huyu amecheza Tanga, viatu miguuni, uwanja umejaa. Mwalimu Jailos amecheza wapi?"

"Hapahapa," Jailos alijibu.

"Hapahapa na nani? Na ng'ombe?"

Mwalimu Yudith, anayefundisha kuimba, hakucheka. "Mimi nauliza jambo jingine. Mtu wa Iringa atatufundishaje kuifunga Iringa? Si duka la baba yake liko pale sokoni kwao? Siku tukiwafunga utalala wapi, Bwana Muharami?"

"Nitalala kwa mama," Muharami akasema. "Nitamwamkia, nitakula, kisha nitamweleza tulivyowafunga."

Hata Mwalimu Yudith akainamisha uso ili asionekane anacheka. Jailos aliona. Siku hizo alikuwa haoni kingine ila meno ya watu wanaomchekea Muharami.

Mchungaji Yotamu akagonga meza. "Nyinyi mnatafuta magoli. Mimi natafuta mtu ambaye mama akimkabidhi mwanawe, atamrudisha mzima. Jumamosi tunacheza na timu ya sokoni Mbeya. Kipindi cha kwanza timu ni ya Jailos, cha pili ni ya Muharami. Vijana walewale. Nami nitakaa na karatasi hii mkononi."

*

Ijumaa mvua ilinyesha. Muharami alipanda lori kwenda mjini kwa swala ya Ijumaa, na Jailos akapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Akawatoa vijana uwanjani.

Bwana Timotheo alikuwa ameupaka mpira mafuta ya kondoo ili usinywe maji, lakini mvua ya Mbeya haijali mafuta. Ngozi ilikunywa, mpira ukawa mzito. Anyitike akapiga shuti, Isakwisa golini akanyoosha mikono, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kikalia.

Isakwisa alifika kwa Jailos kwa mlango wa nyuma. Sekela akachemsha maji, akachana pindo la khanga yake kuukuu, akamfunga.

"Kimevunjika hiki," alisema.

"Kimeshtuka tu, mama," Isakwisa akasema, na machozi yanamtoka. "Mwalimu, naomba usimwambie mtu. Baba anatoka Tukuyu kwa baiskeli aje kuniona."

Jailos alimfikiria golikipa wa akiba, kijana mwema sana ambaye mpira ukija hufumba macho. Akamfikiria Muharami na viatu vyake vya Tanga.

"Kesho utacheza. Kitambaa utakivua kabla ya kuingia. Na mgeni asijue."

Sekela akaweka birika chini. "Baba Tusekile, karatasi yako inasemaje?"

"Karatasi ni ya halmashauri. Timu ni yangu."

*

Jumamosi watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa kanisa. Jua lilitoka, uwanja ukakauka kidogo. Mchungaji Yotamu aliketi kwenye benchi na karatasi yake, na Muharami akaketi kwenye nyasi, mbali, ili asimsumbue mwenzake.

Jailos aliwaambia mabeki neno moja: mpira usifike golini. Hawakuuacha ufike. Walipiga nje, kulia, kushoto, kwenye mahindi ya watu. Huko mbele Anyitike alisimama upande wa kulia akitafuna jani. Dakika chache kabla ya mapumziko, senta fowadi wa sokoni, muuza samaki aitwaye Makame, akapenya. Isakwisa akadaka kwa mkono mmoja. Mpira ukamponyoka ukaingia.

Moja bila.

Mapumziko Sekela alikuja na kapu la machungwa. La kwanza akampa Muharami. Mtu yeyote angeanza na mgeni, lakini Jailos alilitazama chungwa lile kama barua ya mapenzi.

Muharami akalishika bila kulila. Akamfuata Jailos.

"Kaka, hawa ni vijana wako, mimi nimeazimwa tu. Kabla sijawapanga niambie. Kuna mwenye maumivu?"

Sekela alikuwa hatua mbili kutoka hapo, na kisu chake kikasimama katikati ya chungwa. Isakwisa alitazama nyasi.

Hapa, msomaji, hata mimi kalamu ilinikaa vibaya. Nimewahi kumwonea mtu wivu, najua ladha yake, na najua namna unavyoweza kuwa na jibu zuri mdomoni ukatoa baya. Jailos alijua akisema kweli itajulikana amemchezesha mgonjwa kipindi kizima. Alijua pia kwamba akinyamaza, lolote litakalotokea litakuwa la mwenzake.

"Wote wazima," alisema.

"Asante, kaka."

Muharami akawaita vijana. Alimshika Anyitike bega. "Wewe nenda kushoto. Piga kwa mguu ule wa gunzi."

Anyitike akamtazama Jailos kwa woga. "Mwalimu atakasirika."

"Atanikasirikia mimi. Nenda."

Sitaki kukuchosha kwa yaliyofuata. Anyitike alipewa mpira mara ya kwanza, akatembea nao kama mtu aliyerudi kwao. Mara ya pili akampita beki wa sokoni, akapiga kwa kushoto. Moja moja. Watu wakashuka ukutani. Dakika kumi baadaye akapiga tena kutoka pembeni, mpira ukapinda, ukamkuta golikipa amekwenda kwingine. Mbili moja.

Chuo kizima kikaimba jina la Muharami. Jailos aliimba pia, maana alikuwa anatazamwa, lakini moyoni alikuwa anaiombea timu ya sokoni. Aliona aibu kuiombea, na akaendelea kuiombea.

Maombi yake yalijibiwa vibaya. Dakika ya mwisho Makame alipiga shuti la karibu, la nguvu zote. Isakwisa angeweza kuuacha. Alimwona baba yake kwenye kona ya uwanja, amesimama na baiskeli, akaurukia mpira kwa mikono miwili. Akaudaka. Refa akapuliza.

Isakwisa hakuinuka. Walipomfungua mikono, kidole kilikuwa kimelala nyuma na kile cha pili kimefuata.

*

Saa kumi na moja halmashauri ilikaa tena. Mchungaji alikuwa ametoka hospitali, na matope ya njiani yako kwenye viatu vyake.

"Daktari anasema kidole cha kwanza kilivunjika jana," alisema. "Kijana anasema Mwalimu Jailos alimuuliza, naye akamficha. Leo kimemalizwa, pamoja na cha pili. Mkono wa kulia. Hajui kama kijana atashika chaki tena. Tunamfundisha awe mwalimu, na hajui kama atashika chaki."

Akamgeukia Muharami. "Kipindi kile timu ilikuwa yako. Ulijua?"

"Sikujua, Mchungaji."

"Uliuliza?"

Muharami alimtazama Jailos. Haikuwa kwa muda mrefu, lakini Jailos alipata nafasi ya kuhesabu vipande vyote vya chaki vilivyokuwa juu ya meza. Vilikuwa tisa.

"Sikuuliza," Muharami akasema.

Bwana Timotheo akashika kichwa. Mchungaji Yotamu akaikunja karatasi.

"Basi mechi umeishinda, mwanangu, na filimbi umeikosa. Asiyeuliza hali ya vijana siwezi kumkabidhi vijana." Akamwita Jailos, akamvika filimbi ya chuo, yenye kamba nyekundu, aliyoisubiri miaka minne.

Jailos alirudi nyumbani nayo shingoni. Njiani walimpongeza watu watano, na wote watano hawakuwa wanacheka. Kilichomchoma zaidi kilikuwa lile neno "sikuuliza". Hata kwa wema, Muharami alikuwa amemshinda, tena mbele ya watu, na yeye peke yake ndiye aliyejua.

Alimkuta mgeni anafunga kapu lake.

"Kwa nini umesema hukuuliza?"

"Nimekula kwako wiki nzima," Muharami akajibu bila kuacha kufunga. "Siwezi kukuvua nguo mbele ya watu, halafu nirudi hapa kuchukua mkeka. Na shemeji amenitunza sana. Nilimfikiria yeye atakavyopita sokoni kesho."

"Kumbe ulisema kwa ajili ya mke wangu."

"Kaka, hata sasa?"

"Hata sasa. Tangu umefika hapa anakuchekea, anaanza na wewe kwa machungwa, jogoo wangu umemla wewe."

"Mimi hakuniuliza," ilisema sauti ya mlangoni.

Sekela alikuwa amerudi kutoka hospitali, khanga imemlowa pindoni. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake kwa sababu ya upepo, akasukuma komeo.

"Angeniuliza kabla ya kusema uongo ule, ningemkataza. Muharami, wewe ni mtu mwema, lakini leo umekosea. Uongo wako umempa mtu filimbi, na Jumatatu vijana wengine kumi watasimama mbele ya filimbi hiyo." Akamgeukia mumewe. "Baba Tusekile, nilikuwepo na kapu langu. Nilisikia alivyouliza na nilisikia ulivyojibu. Isakwisa ameniomba nimwandikie barua kwa mama yake, maana yeye hawezi. Ameniambia nisimtaje mwalimu kwa ubaya."

Jailos akakaa kwenye kigoda. "Umemwambia nani?"

"Nimepita kwa Mchungaji. Nimemwambia kuna jambo, sikumwambia ni jambo gani. Nimemwambia mwenye kulisema ni wewe, aje alisikie kwako."

"Lini?"

"Alikuwa anavaa koti nilipoondoka."

Hodi ikapigwa.

Muharami aliacha kapu lake. Yeye ni mgeni, na mgeni hamkaribishi mgeni mwenzake katika nyumba ya mtu. Sekela angeweza kuitikia, maana nyumba ni yake pia. Badala yake akamtazama mumewe.

"Hodi," sauti ya Mchungaji Yotamu ikaita mara ya pili.

Unajua desturi, msomaji. Mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huenda zake, na hakuna wa kumlaumu. Jailos naye alijua. Alihitaji kunyamaza mara moja tu, kama alivyonyamaza pale mezani kwenye chaki. Muharami angepanda basi asubuhi. Kidole cha Isakwisa kingepona au kisipone. Filimbi ingebaki shingoni kwake mpaka Iringa na kurudi.

Akainuka, kamba nyekundu ikimning'inia kifuani, akaenda hadi mlangoni. 

Hodi ya tatu ikaja, ya chini kuliko zile mbili, ya mtu aliyekwishaanza kugeuka.

Jailos akaweka mkono kwenye komeo. Ulikuwa mkono wa kushoto.